Uso Niliouzaa na Barakoa Yake

Nilishasema sitaki. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, binti ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, ameng'ang'ania: "Bibi, andika maisha yako." Maisha yangu ni magodoro. Yamekwisha andikwa, kila mshono upo mahali pake, anayetaka kuyasoma akayalalie. Lakini ameniambia nisipoandika nitasimama mbele ya darasa nisimulie kwa mdomo, na yule muuza mkaa wa dawati la nyuma atanikatiza kila baada ya neno. Heri kalamu. Kalamu haina mdomo.

Na siandiki yote. Nimezaliwa, nimeolewa, nimefiwa, hayo kila mtu anayo. Naandika wiki sita tu, zile ambazo mwanangu alikuwa anatafutiwa barakoa. Katika wiki hizo niliogopa kuliko miaka yangu yote sabini na ushei, na mambo mengi ya kuogopesha niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi yetu ni sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Tunajaza magodoro na mito, na tunafumua makuukuu tunayajaza upya. Watu walisema magodoro ya sponji yatatumaliza, lakini sponji ina joto, na mtu akishatoka jasho usiku mzima anamkumbuka mwenye sufi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Cha mbele ni cha wateja na cha kushonea, cha kati tunalala, cha nyuma ni cha kuchambulia. Hicho cha nyuma kina dirisha moja dogo, na hatukuwa tunalifungua, kwa sababu upepo ukiingia sufi yote inaruka kama kuku walioona mwewe.

Sufi ni laini kama maneno ya mchumba. Ukiitoa mbegu, ukiipiga kwa fimbo ifunguke, unafurahi jinsi inavyovimba. Vumbi lake hulioni mpaka mwali wa jua upenye kwenye ufa wa dirisha, ndipo unagundua umesimama ndani ya moshi usio na moto. Godoro kuukuu ndilo baya zaidi. Ukilifumua linakutolea vumbi la kila mtu aliyewahi kulilalia, wema na waovu.

Aliyenifundisha ni dada yangu mkubwa. Alinipa sheria moja, nami nikampa mwanangu: kona haiachwi tupu. Mteja hupapasa kona kwanza. Ukiona nafasi, jaza. Ukidhani imejaa, sukuma tena.

Mwanangu ninayemsema ni binti yangu wa mwisho. Jina lake analo, ila mtaa mzima unamwita Kitinda, hata wateja. Wenzake wanne walikwenda zao, kila mmoja na kazi yenye kiti. Yeye alibaki na mimi. Ana miaka thelathini na minne, mwembamba, uso mdogo, kidevu chenye ncha kama cha baba yake, na ulimi anao wa kwake, hakuuazima kwa mtu.

Kikohozi kilianza kama mgeni asiyetaka kuonekana. Mimi nakaa chumba cha mbele nashona kingo kwa shazia, ile sindano yetu ndefu, yeye yuko nyuma anachambua. Mishono ya ukingo naihesabu, ishirini toka kona hadi alama. Siku moja nikafika kumi na saba, nikashtuka kwamba sikuwa nahesabu mishono. Nilikuwa nahesabu vikohozi.

"Kitinda!"

"Abee, mama."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa."

"Kunywa tena."

"Mama, mimi si mtungi."

Nikacheka, naye akacheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi. Akatoka uani, akafudikiza ndoo, akakaa juu yake. Nikamfuata na kikombe. Nikamkuta ameweka mikono magotini, mabega yamepanda, mdomo wazi.

Kikombe kilinitoka.

Dada yangu alikaa hivyohivyo miaka yake miwili ya mwisho. Mlangoni, mikono magotini, mabega juu, akiitafuta hewa kama mtu anayeteka kisima kirefu kwa kamba fupi. Tulisema ni umri. Alikuwa na hamsini na tatu. Hata sasa sijui nani alitudanganya kwamba hamsini na tatu ni umri.

Kesho yake tulikuwa kliniki. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mpole. Alimpa Kitinda mrija mnene wa plastiki wenye mshale mdogo ubavuni, akamwambia apulize kwa nguvu zote kwa mara moja, kama anazima taa iliyo mbali. Kitinda akapuliza mara tatu. Mshale ulipofika juu kabisa ulisoma mia mbili na sitini.

"Mwanamke wa umri wako na kimo chako angefika mia nne na ushei," daktari akasema. "Si kifua kikuu, tumeangalia. Ni vumbi. Mnajikinga na nini?"

Nikajibu mimi. "Mtandio. Tunafunga puani. Mimi nimefunga mtandio miaka arobaini, na hivi unavyoniona nipo."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe upo, bibi. Mlikuwa wangapi mlioanza?"

Tulikuwa sita. Nimebaki mimi.

Akaandika dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaweka kalamu chini. "Nitasema wazi. Aache kazi hii, au avae barakoa ya kweli, ile ya mpira inayobana uso na yenye vichujio vya vumbi. Mtandio unazuia nzi tu. Mrudi baada ya wiki tatu apulize, halafu baada ya wiki sita. Mshale ukiendelea kushuka, basi, sufi aisahau."

Tukatembea mpaka kwenye kona ya kwetu. Ndipo Kitinda akasema, "Nikiacha hii nitafanya nini, mama? Mikono yangu inajua hii tu."

"Hutaacha," nikasema. "Nitakununulia hiyo barakoa."

"Nitajinunulia mwenyewe."

"Wewe? Watakuuzia ndoo wakuambie ni kofia. Nitakwenda mimi."

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa, na lilizaliwa lina meno.

Duka la vifaa la mtaa wetu ni la mwanamke tunayemwita Bawaba, kwa sababu hakuna mlango unaofunguka hapa mtaani bila yeye kujua. Yeye na mimi tuna umri wa kukaribiana na hatujawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya wiki. Nikamkuta anapima misumari.

"Nataka barakoa ya mpira. Ya vumbi. Ya kudumu."

"Karibu, shikamoo hatupeani siku hizi?"

"Shikamoo ya nini, wewe mwenzangu? Lete barakoa."

Akaweka tatu juu ya kaunta. Ya kwanza nyeupe, kama kikombe cha karatasi. "Hii ni ya kutupa. Siku moja, mbili, basi."

"Kitu cha kutupa sinunui. Ningetaka cha kutupa ningekununua wewe."

Akacheka kwa pua. Ya pili ilikuwa ya mpira mweusi, yenye mikebe miwili minene mashavuni, nzito, inatisha kama uso wa nzige. Nikaipenda papo hapo. Kitu kizito kina adabu.

"Hiyo mikebe ni ya wapiga rangi," Bawaba akasema. "Inakamata harufu. Kwa vumbi peke yake mwanao atabeba mzigo bure. Chukua hii ya tatu. Mpira huuhuu, ila ina vichujio bapa vya vumbi. Vikichoka unabadilisha vichujio, mpira unabaki. Kuna ndogo, ya kati na kubwa. Sasa, uso uko wapi?"

"Uso wa nani?"

"Wa atakayevaa. Haiuzwi kama kitunguu hii. Lazima ajaribu hapa nione kama inamkaa."

"Uso huo nimeuzaa mimi. Naujua."

"Umeuzaa, hukuupima."

Watu wawili waliokuwa dukani wakaguna. Nikasikia joto shingoni. Mtu ananiambia mimi habari ya kupima, mimi ninayekata godoro la kitanda kwa macho na halipungui hata kidole! Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nipe kubwa."

"Kitinda? Yule mwenye uso kama sahani ya chai? Kubwa?"

"Mfuko mkubwa hupunguzwa," nikamwambia. "Mdogo haukuzwi. Hiyo ni hesabu ya fundi, wewe huijui."

Akanifungia kubwa. Alipokuwa anaifunga akasema tena, polepole, "Mlete ajaribu. Sitakuongezea bei." Nilikuwa nimeshageuka.

Nyumbani Kitinda akaivaa, akavuta mikanda mpaka mwisho. Ilimkaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Pembeni mwa pua kulikuwa na upenyo, na chini ya mashavu ningepitisha kidole.

"Mama, inacheza."

"Nipe hapa."

Msomaji, nawe unajua nilichofanya, maana nimeshakuambia sheria yetu. Niliona nafasi. Nikachukua kitambaa laini cha foronya, nikakata utepe, nikaushona ukawa kama mto mwembamba wa duara kuzunguka ukingo wote wa ule mpira, nikaujaza sufi safi, ile nyeupe ya daraja la kwanza ambayo hata wateja siwapi hivihivi. Nilisukuma kwa kijiti mpaka kona ya pua ikajaa. Mishono yangu ilikuwa midogo kama mayai ya chawa. Ilinichukua mchana mzima, na sitasema uongo, nilijisifu.

Kitinda akavaa, macho yakamng'aa juu ya ule mpira. "Ah! Laini kama kulala."

"Inacheza?"

"Haichezi hata kidogo. Mama, wewe ni fundi."

Basi akaingia kazini na moyo wake wote. Wiki hiyohiyo nyumba ya wageni ilikuwa imetuletea magodoro kumi na mawili kuukuu ya kufumua, yale yenye vumbi la dunia nzima. Zamani alikuwa anafumua moja, anatoka uani kupumua, anarudi. Sasa alifumua matatu mfululizo bila kutoka, kwa sababu ana kinga. Wapita njia wakichungulia mlangoni wanamwita Rubani. "Rubani, leo unaruka wapi?" Naye anajibu kutoka ndani ya mpira kwa sauti ya mtu aliye kisimani, "Napita juu ya kwenu, fungeni mapaa!" Tunacheka.

Kila Jumamosi niliivua ile mikanda, nikaosha mpira kwa sabuni, na vichujio vilivyogeuka kijivu nikavifua pia, nikavisugua na kuvianika kwenye kamba vikawa vyeupe. Mwanangu hawezi kuvaa kitu kichafu puani. Ndivyo nilivyosema.

Lakini sikio langu lilikuwa halilali. Nikiwa nashona chumba cha mbele nilisikia kikohozi kupitia mpira, kimefunikwa, kama mtu anayegonga mlango akiwa amevaa soksi mkononi. Nilijiambia ni cha zamani kinatoka. Siku nyingine nilihesabu ishirini na sita kabla ya adhuhuri, nikajiambia nimehesabu vibaya. Nikawa naingia chumba cha nyuma bila sababu, namkuta amesimama ameshika ukuta, akiniona anaushika kama vile anaupima. Sote wawili tulikuwa tunadanganyana, na kila mmoja anajua.

Wiki ya tatu akapuliza mrija. Mshale ukasimama mia mbili na ishirini na tano.

Nilidhani mrija umeharibika. Nikamwambia daktari atoe mwingine. Akatoa mwingine. Mia mbili na ishirini.

"Barakoa anavaa?" akauliza.

"Kutwa nzima!" nikasema. "Haivui hata akiongea."

"Mmekuja nayo?"

Hatukuja nayo. Akatikisa kichwa. "Mje nayo mara ijayo. Kuna kitu hakiendi sawa. Na kama mara ijayo ni hivi tena, dada," akamgeukia Kitinda, "hatutajadiliana."

Kitinda akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anatazama mikono yake, anaigeuza, kama mtu anayeagana nayo.

Mimi nilijua mchawi wetu ni nani. Bawaba. Ameniuzia bandia kwa sababu ya ule mdomo wangu. Tulipofika nyumbani Kitinda akafunga mtandio wake wa zamani, akaenda kumalizia magodoro mawili ya nyumba ya wageni. Nikachukua barakoa, nikaitia kwenye mfuko, nikaondoka na hasira yangu imetangulia mbele kama mbwa.

Dukani kulikuwa na wanunuzi watatu, mmoja ana ndevu mpaka kifuani, ameshika kitasa. Nikaibwaga barakoa juu ya kaunta.

"Chukua takataka yako! Mwanangu anakufa, wewe unauza mpira wa mdoli!"

Bawaba hakupandisha sauti, na hilo peke yake lilinitisha. "Anakufa? Kitinda?"

"Mshale umeshuka!"

Akaichukua. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye ukingo. "Huu mto kaushona nani?"

"Mimi."

"Mshono mzuri," akasema, na hakuwa anadhihaki. Akaiweka usoni kwake, akaziba vichujio viwili kwa viganja vyake, akavuta pumzi. Nikasikia hewa ikipita pembeni, ssss, kama chungu kilichopasuka. "Unasikia? Nimeziba, na bado napumua vizuri tu. Hewa haiji kwenye kichujio. Inapita kwenye kitambaa chako. Barakoa hii kazi yake ni mpira kugusa ngozi. Mpira na ngozi, bibi, hakuna wa tatu." Kisha akashika vile vichujio kwa kucha. "Na hivi mbona vimelegea?"

"Nimevifua."

"Umevi-nini?"

"Nimevifua, vilikuwa vichafu!"

"Kichujio hakifuliwi! Kikichafuka kinatupwa, huo uchafu ndio kazi yake!" Akachukua msumari kwenye bakuli, akaingiza ncha chini ya mshono wangu, akaufumua.

Sufi ikamwagika juu ya kaunta. Nyeupe, ya daraja la kwanza. Upande wa ndani, pale panapokaa pua ya mwanangu, ilikuwa imekandamizwa na pumzi yake, imesagika, imekuwa unga. Bawaba akapuliza kidogo. Vumbi likapanda mbele ya uso wangu kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ndiyo mnayoikimbia?" akauliza.

Yule mwenye ndevu akapasuka kicheko. "Bibi kamtandikia mwizi kitanda chumbani!"

Bawaba akamgeukia kama bawaba yenyewe. "Na wewe mwenye ndevu usicheke. Kwa msitu huo, hakuna barakoa itakayokukaa. Lipa kitasa uende."

Akalipa, akaenda. Mimi nilikuwa nimeshika kaunta. Wiki tatu nzima. Nilikuwa nimelitia vumbi kwenye kifuko, nikalishonea puani kwake, na kila Jumamosi nikaliosha likae vizuri. Kama ningemwacha na mtandio wake angekuwa anatoka uani kupumua.

Bawaba akanisukumia stuli. Sikukaa. Ningekaa ningeweka mikono magotini.

"Mlete," akasema. "Na uso wake."

Nitaandika na hili, kwa sababu mwalimu alisema tuandike ukweli. Njiani kurudi nilifikiria kunyamaza. Ningemwambia Kitinda Bawaba amekubali kubadilisha, basi. Nani angejua? Wale wa dukani? Mtu mzima halazimiki kujivua nguo mbele ya mwanawe. Nilifikiria hivyo mpaka mlangoni kwangu. Halafu nikasikia kikohozi kutoka chumba cha nyuma, nikaanza kuhesabu bila kutaka, na nilipofika tisa nikaingia.

Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro lililofumuliwa, mtandio puani, nywele nyeupe kwa vumbi kama ajuza. Alifanana na mimi.

"Toka humo."

"Nimebakiza upande mmoja, mama."

"Toka nimesema!"

Akatoka uani, akafudikiza ndoo yake, akakaa. Nikasimama mbele yake na ule utepe wangu uliofumuliwa mkononi.

"Kitinda, barakoa haikuwa mbovu. Mbovu nilikuwa mimi. Ule mto niliokushonea ulikuwa unapitisha hewa, na ndani yake umejaa sufi. Nimekujazia vumbi puani wiki tatu. Na vichujio nilivifua, havifuliwi."

Kuku wa jirani akapita kati yetu, akatutazama wote wawili, akaona hapamfai, akaenda.

"Nilikuambia inacheza," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia nitajinunulia mwenyewe."

"Uliniambia."

"Wewe ukasema wataniuzia ndoo!" Sauti ikampanda na pumzi ikamwishia katikati. Akangoja irudi. Nami nikangoja, na sijawahi kungoja kitu kirefu hivyo. "Wiki tatu, mama. Nilikuwa nafumua matatu matatu bila kutoka. Nilikuwa najiona nimepona."

"Najua."

"Hujui! Kifua ni changu." Akafuta macho kwa mkono wenye vumbi, akazidi kujichafua. Kisha akasema, "Na laini ilikuwa laini, Mungu wangu," na midomo ikamtetemeka, nikashindwa kujua kama anacheka au analia. Nadhani yote.

Tulikwenda pamoja jioni ileile. Bawaba akampimia ya kati, ikaacha upenyo puani. Akampimia ndogo. Kitinda akavuta mikanda, akaziba vichujio kwa viganja, akavuta pumzi, na ule mpira ukanywea ukamganda usoni, ukakaa hivyo hivyo mpaka alipoachia. Hakukuwa na ssss.

"Inabana," akalalamika.

"Ndiyo inavyotakiwa kubana," Bawaba akasema. "Laini ni ya kulalia." Akanigeukia. "Na wewe, shoga. Jaribu."

"Mimi wa nini?"

"Vaa."

Nikavaa ndogo, nikavaa ya kati, nikavaa kubwa. Zote ssss. Magego yangu yaliondoka zamani na mashavu yameingia ndani kama mto usiojazwa. Hakuna mpira utakaofika huko. Kitinda ndiye aliyesema, na alisema kwa ile sauti yangu mwenyewe, ninayoitumia kwa wateja wabishi.

"Basi mama, chumba cha nyuma huingii tena."

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Yako. Na chumba cha nyuma huingii."

Nimefukuzwa chumbani mwangu. Nakaa nje, mlangoni, nashona kingo na shazia yangu, na magodoro kuukuu yanafumuliwa uani, yamelowanishwa kidogo, mfumuaji amesimama upande unaotoka upepo. Dirisha la nyuma liko wazi. Sufi inaruka, kweli, tumeweka wavu wa macho madogo, na inayopotea ipotee. Kila asubuhi kabla ya kuanza Kitinda anakuja mbele yangu, anaziba kwa viganja, anavuta, ananionyesha. Naitikia kwa kichwa tu. Vichujio vikichakaa anavitupa mwenyewe, hanipi hata nivishike.

Wiki ya sita mshale ulipanda mpaka mia mbili na sabini. Nikapiga vigelegele, daktari akaninyamazisha kwa mkono. Alisema ni vizuri, alisema pumzi haijarudi yote na huenda isirudi yote, na akampa tarehe nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Kazi hajamkataza. Bado. Neno hilo "bado" ndilo ninalolala nalo. Nikishona bado nahesabu. Jana vilikuwa vinne tangu asubuhi hadi jua la utosi, na cha nne sina hakika, huenda kilikuwa cha mbuzi.

Haya, nimeandika, mkono unauma. Sasa ni zamu yako. Wewe unayesoma una mto. Nenda kapapase kona yake. Kama imejaa sawasawa, kuna mtu aliyeisukuma, na vumbi la kazi hiyo liliingia mahali. Mtafute fundi wako, wa magodoro, wa mbao au wa mawe, mwulize anafunga nini puani. Akikuonyesha kitambaa, mpeleke dukani. Usiende peke yako ukijifanya unaujua uso wake. Aende nao.

Na wewe, mwalimu, uliyenisumbua mpaka nikaandika: unafuta ubao kwa kitambaa kikavu, chaki inakupanda usoni, halafu unageukia ukuta ili tusione. Jumanne nilihesabu mara kumi na moja. Kesho nakuja na ndoo ya maji. Njoo na kitambaa, ukiloweshe mbele yangu.